Tulivyogeuza Mikeka Kuelekea Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Rughenda, mtaa wa mji wa Butembo, mashariki mwa Congo, nilifika nimeshiba. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, nami kama mkubwa niliacha shule mapema ili wadogo zangu wabaki darasani. Kwetu, mtu anayekwenda kufanya kazi ya mwili hula kwanza, tena vizuri. Chef Kiné, mtaalamu wa kunyoosha viungo aliyeniajiri kufagia ukumbi wake wa yoga na kutandika mikeka, aliniona nikijaribu kuinama pamoja na wateja huku nikihema.

"Yaya," aliniita, kama kwetu tunavyomwita dada au kaka mkubwa, "ulikula nini?"

"Bugali na sombe, Chef," nikajibu, yaani ugali na kisamvu.

"Basi leo sombe ndiyo itafanya yoga. Wewe ikala, angalia tu."

Kwa hiyo ninyi mnaotaka kujiunga na darasa, njooni tumbo likiwa jepesi. Chai na ndizi moja vinatosha. Vaeni nguo isiyobana. Mama akitaka kujifunga kitenge juu ya suruali, ajifunge. Viatu vinabaki mlangoni.

Chef Kiné alinifundisha miaka mingi, mpaka nikawa msaidizi wake. Alinionyesha kwamba pumzi ndiyo inayoongoza: hewa inaingia kwa pua, tumbo linapanda, inapotoka polepole, ndipo mwili unainama. Alinionyesha pia kujikunja kwenye nyonga, pale mapaja yanapoungana na kiwiliwili, mgongo ukibaki umenyooka. "Ukiona unafunga pumzi," alikuwa akisema, "unashapita kipimo yako. Rudia nyuma." Sijakutana na mtu aliyeuheshimu mwili wa mgonjwa kama yeye.

Baadaye alinituma mji wa Beni, katika commune, yaani kata, ya Ruwenzori, nimsaidie Mama Monitrice, mwalimu wa darasa jipya. Huyo hakupandisha sauti hata siku moja, lakini saa zake zilikuwa kali: darasa likiisha, watu wa zamu inayofuata wanaingia mara moja.

Huko ndiko alikokuja Papa Hadji. Alikuwa amezeeka kwenye usukani wa malori, akipandisha na kushusha mizigo barabara ya Butembo, na mgongo wake ulikuwa umekauka kama ubao. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama, mi nasali juu ya kiti kama mugonjwa. Nataka paji ya uso ifike chini tena, ni hiyo tu. Lakini sala yenu, hapana."

"Hapa hapana kusali, Papa," Mama Monitrice akamjibu. "Hapa tunapumua. Wengine wakiunganisha mikono, wewe weka yako kwa mapaja."

Akavua viatu, akaingia.

Mtaona wenyewe kwamba watu wetu hufanya kila kitu kama wanapakia lori: nani amemaliza kwanza, nani amebeba zaidi. Mbele ya Papa Hadji alikuwa mama mmoja mkulima wa Kalunguta, aliyezoea kuinama shambani tangu utotoni. Tulipofika kwenye mkao wa mtoto, yaani kupiga magoti, kukalia visigino na kulaza kichwa chini, mama yule alishuka bila shida, kisha akageuza uso.

"Papa Hadji, lori imezimika kwa mulima?"

Watu wakacheka, Papa Hadji naye akacheka nao. Kisha akafunga pumzi na kujisukuma chini kwa nguvu zote. Mgongo ukamkamata. Wanaume wawili walimwinua, na alipokuwa akitoka alisema harudi tena.

Darasa lilipokwisha, yule mama wa Kalunguta alinijia. "Yaya, nilitaka kumuchekesha tu," aliniambia. Siku chache baadaye tulimfuata Papa Hadji nyumbani kwake, mimi na yule mama, naye akamwomba mzee msamaha mbele ya mkewe.

"Sikukasirika, mama," mzee akasema. "Nilikuwa na haya."

Nilimweleza Mama Monitrice maneno hayo. Akaniagiza nigeuze mikeka yote, kila mtu aelekee ukuta. Tangu siku ile hakuna aliyemwona mwenzake akiinama. Papa Hadji alipopata habari hiyo, alirudi. Tulimwekea mito miwili chini ya kifua, halafu mmoja, halafu blanketi iliyokunjwa. Alijifunza kungoja pumzi itoke. Siku mbaya alirudia nyuma, bila kinyongo.

Asubuhi moja, mkao wa mtoto ulipokwisha, wengine waliinuka na kukunja mikeka. Yeye alibaki chini, blanketi ikiwa pembeni, paji la uso juu ya sakafu. Mama wa Kalunguta alisogea taratibu.

"Papa, iko unaumwa?"

"Hapana. Muniache kwanza."

Watu wa zamu ya pili walikuwa wamejaa mlangoni. Nilimtazama Mama Monitrice, mtu wa saa. Aliniashiria nifunge mlango.

Sasa nimestaafu, magoti yangu nayo yanataka blanketi. Wanaoanza huniuliza itachukua muda gani. Nawajibu kwamba sijui, na Chef Kiné pia hakujua. Kila mgongo una mwendo wake. Papa Hadji alisema nini pale chini, sikumuuliza. Kazi yetu ilikuwa kumfikisha tu. Nilisimama nimeegemea ule mlango mpaka alipoinuka mwenyewe.