Sikio la Mtamba Wangu

Mimi ni mbishi, sikatai. Baba alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Mwaka niliokuwa mwalimu wa kujitolea hapa kijijini kwetu Issuna, ubishi wangu ulipata kitabu.

Nilikikuta kwenye kabati la shule, mchwa wameshakula jalada. Mwandishi wake aliishi na wafugaji wa nchi za barafu, wanaofuga reindia, mnyama mkubwa kuliko swala, mdogo kuliko ng'ombe, mwenye pembe kama matawi makavu. Nilishawahi kumwona kwenye kitabu cha jiografia, mistari miwili tu, kapita. Humu kapewa kitabu kizima. Nikafika kwenye michoro ya masikio yaliyokatwa. Lo! Kumbe na wao wanakata masikio ya mifugo kama sisi! Na kila mtu ana mkato wake, hata mtoto wa kike.

Nami nilikuwa na mtamba. Mama yake alikufa kwa ukame, baba akasema ndama haponi, nimwache. Nikamnywesha kwa chupa asubuhi na jioni mpaka akasimama. Sasa alikuwa anangoja kukatwa sikio, na nyumbani alama ilikuwa moja, ya baba. Siku baba akiondoka, kila chenye alama yake ni cha kaka zangu. Wangemswaga mtamba wangu huku namwangalia. Nikasema thubutu!

Nikaenda na kitabu zizini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeleta nini tena?"

Nikamwonyesha picha. Akaikagua kama anavyokagua ng'ombe mnadani. "Huyu kavunjika pembe moja. Mchungaji wake mzembe."

"Hajavunjika, baba. Zinadondoka zenyewe kila mwaka, zinaota nyingine."

Alicheka mpaka akashika mti wa zizi. "Mnyama wa kufugwa adondoshe pembe? Toka hapa na uongo wako!"

Nilikasirika, sikufichi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Nikamsomea wanavyokamua, wanavyohama kufuata malisho. Alijifanya hasikii, ila kamba aliyokuwa anasokota haikuongezeka hata kidogo. Siku ya tano akauliza mwenyewe, "Hizo pembe zikidondoka wanazifanyia nini?"

"Vipini vya visu."

"Hapo wana akili."

Nikafungua ukurasa wa masikio palepale. "Mabinti zao wana alama zao, baba. Na mimi nataka yangu."

Uso ukabadilika. "Hizo ni mila za watu wa barafu."

"Na huyu ndama alinyweshwa na nani? Na watu wa barafu?"

Akaokota kamba yake, akaondoka. Nikajua nimeharibu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kukata masikio. Baba mdogo alimkaba mtamba shingo, baba akaja na kisu. Alama yake huwa ni kipande kimoja, sikio la kulia. Nilisimama mlangoni mwa zizi nimeuma meno, nimeapa sitalia mbele yao.

Baba akaliacha la kulia. Akashika la kushoto, akakata mara mbili, mikato iliyoachana kama tawi.

"Kaka, umekosea!" baba mdogo akapiga kelele. "Hii siyo alama yetu!"

Baba akafuta kisu kwenye nyasi. "Siyo yetu," akasema, akanielekezea kidevu. "Muulize mwenye ng'ombe."