Pikapu Isiyozimwa Langoni

Mwanangu, kuna Jumapili moja naikumbuka kila nikisikia dizeli kuukuu ikinguruma. Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, wewe umeingia sekondari juzi na bado unalilia godoro la kwenu. Hapa bwenini mzee ni mimi. Ndevu ziko njiani zinakuja.

Mama alipofariki, baba alinipeleka Kabuga, pembezoni mwa mji, kwa bibi, mama yake mama. Yeye akabaki mjini, mtaa wa Gisimenti, na chumba chake na pikapu yake ya dizeli, anayobebea mkaa na mboga za wenye migahawa. Kila Jumapili alituletea mzigo. Alisimama langoni injini ikinguruma, akashusha gunia, akamwamkia bibi kwa mbali, akaondoka. Bibi alikuwa ameshachemsha chai ya maziwa. Kikombe cha baba nilikinywa mimi kikishapoa; labda ni mimi peke yangu niliyenenepa kwenye msiba.

"Ingia basi, baba," nilimwambia kila mara.

"Siwezi, sha, mwanangu. Nikizima na injini iko moto, haiwaki tena mpaka ipoe. Bujie zimekufa."

Bujie, mwanangu, ni vile vijiti vinavyopasha joto ndani ya injini ya dizeli kabla haijawaka. Baba alishabadilishiwa zote na ugonjwa ukabaki palepale. Alfajiri, kwenye baridi, gari liliwaka bila kinyongo, mchana likagoma. Darasani mimi najulikana kwa kuchekesha kuliko kusoma, lakini hilo lilinikera. Kijiti cha kupasha joto kina kosa gani kwa injini iliyokwisha kuchemka?

Nikaenda kumsumbua fundi mmoja karibu na soko. Akanijibu bila kuinua kichwa. "Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi. Pampu ikiwa imechakaa, inavujia humohumo ndani, kwenye injini haifiki ya kutosha. Funga pampu kitambaa kilicholowa maji baridi. Ikiwaka, mwizi umemkamata."

Jumapili iliyofuata, baba alipoinama kushusha gunia, nilipitisha mkono dirishani nikazungusha ufunguo. Kimya. Sikuwahi kusikia lango letu likiwa kimya na baba yupo.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimepunguza moshi mjini."

Hakucheka. Akajaribu kuwasha. Stata ilizunguka kwa nguvu zake zote, injini haikushika. Bibi akatokea mlangoni na khanga yake. "Mkwe wangu, gari limekukatalia. Njoo unywe chai."

Akaingia ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Nilibaki nje na ndoo ya maji. Dawa nilikuwa nayo mkononi, na sikutaka kuitumia. Nilitaka akae mpaka jioni, hata kesho. Kupitia dirisha la nyumba nilimwona ameketi, mikono katikati ya magoti. Ushungi wa mama ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari wake. Alikuwa anautazama, anatazama kikombe, anautazama tena. Jasho lilimtoka kama anabeba magunia. Chai hakuigusa.

Nikalowesha kitambaa, nikakizungushia pampu, nikamwagia maji kidogo kidogo mpaka ikapoa. "Baba," nikaita, "jaribu sasa."

Akatoka, akazungusha ufunguo, ikawaka mara moja. Akanishika bega, akaondoka.

Akaipeleka pampu ikatengenezwa. Jumapili nyingine nilimsikia anapanda kilima, akafika langoni, nikasubiri mngurumo ukatike. Haukukatika. Gari lilikuwa zima sasa, na bado hakulizima.

Nilikwenda kukaa jikoni nimenuna. Bibi akanitia kikombe mkononi. "Nani kasema chai lazima inywewe ndani? Mpelekee. Na upande garini, usimsimamie dirishani kama polisi wa barabarani."

Nikapanda. Baba akasogeza kreti la nyanya nipate pa kuweka miguu. Akainywa chai yote, injini ikinguruma, kioo kikitetemeka. Halafu akasema, akitazama mbele, "Mle ndani kuna kimya sana."

"Najua," nikasema. Mimi ndiye niliyelala mle ndani kila usiku. Sikuongeza utani.

Basi sikia, mwanangu. Dizeli ikigoma asubuhi kwa baridi, kagua bujie. Ikigoma mchana na imechemka, ziache bujie za watu. Poza pampu kwanza uone. Na ukiwa na mtu asiyeweza kuzima gari langoni kwenu, usimnyang'anye ufunguo kama mimi. Chukua kikombe, fungua mlango wa pili, kaa naye hivyo hivyo. Ni kidogo, najua. Jumapili huisha, na taa zake nyekundu zikikata kona unarudi ndani peke yako. Lakini kikombe utakirudisha kitupu.

Mungu akuwashie asubuhi zako zote za baridi, akupoze ukichemka, na kiti cha pembeni yako kisikose mtu. Sasa nenda kalale, na uache kulilia godoro.