Mama wa Mpingo

Nilipokuwa mtoto pale Temeke, mama yangu alikuwa kinyago. Mama mwenyewe alifariki siku aliyonizaa, wala picha hakuacha. Nani wa kwetu enzi za Mwingereza alikuwa na picha? Baba, mchongaji wa Kimakonde aliyekuja kutoka kusini kutafuta maisha, alimwota, akamchonga kwa mpingo kama alivyomjia: jicho moja kubwa, shingo imepinda, na tumboni mdomo wazi uliotokeza mkono wa kitoto. Usoni alimchora chale zake za kweli. Nilizipitishia kidole kila asubuhi kabla sijanawa.

Majirani walisema lile ni shetani, na kwamba Kiyama kikikaribia litaota jicho la pili. Wajuzi hao! Hakuna hata mmoja aliyeuliza la kwanza linamtazama nani.

Bi Mwanaidi peke yake ndiye aliyeingia uani kwetu. Mama alipozikwa, yeye ndiye aliyeninyonyesha pamoja na kitinda mimba wake. Kinyago alikipita huku amejifunika kanga usoni, lakini alipita.

Siku moja, baada ya adhuhuri, jua likapatwa. Mwanga ulififia kama taa inayoishiwa mafuta, kuku wakaingia bandani, na mtaa mzima ukatoka na masufuria na michi, wakigonga ili chatu aliyelimeza jua alitapike. "Liachie! Liachie jua letu!"

Bi Mwanaidi akaja mbio, miguu mitupu. Zuhura, binti yake mkubwa, alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto hatoki.

"Baba Rosa," alisema, akapiga magoti mbele ya baba. "Mwanangu anakufa. Hilo lako limemshika mjukuu wangu, si ndivyo ulivyolichonga? Lichome. Nakuomba kwa maziwa niliyompa huyu."

Nilikikumbatia kinyago. "Baba, usimchome mama!"

Baba hakubishana na yeyote. Alinibandua vidole kimoja kimoja, akamweka mama mafigani, akapuliza moto mwenyewe. Mpingo hauna haraka ya kuungua. Chale zilionekana kwa muda mrefu, nami nililia mpaka sauti ikakauka.

Kabla hakijawa makaa, kuku walitoka bandani. Mwanga ukarudi. Na ng'ambo ya ua, mtoto mchanga akalia.

Basi nani angebisha? Mtaa ulipiga vigelegele, na mtoto akaitwa Shamsa, jina la jua. Baba hakuchonga tena alichokiota. Alichonga simba na tembo wa kuwauzia Wazungu, wote na macho yao mawili sawasawa.

Nilipokua nilimkasirikia. Shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba mwezi huliziba jua, kisha hujiondokea wenyewe, mchome msichome. Nikamwambia hivyo, kwa ukali. Alikuwa akipiga msasa mgongo wa tembo.

"Jua nilijua litarudi," alisema. "Kwetu liliwahi kupatwa, likarudi. Ya Zuhura ndiyo sikuyajua."

Sasa mimi ni bibi, na baba yuko kaburini. Naamini kinyago kile hakikumshika mtoto wa mtu. Pia naamini kwamba, ningekuwa yeye, ningepuliza moto uleule. Shamsa hana kosa lolote, nampenda kama mdogo wangu. Lakini kila akija kunipa shikamoo, mkono wangu humpapasa paji la uso, na huniuma kulikuta laini, bila chale.