Fundi Sadallah na Gari Lililochemka Mwika

Baba yangu, fundi Sadallah, alikuwa mtu wa hasira za karibu. Ukimpa spana ambayo siyo aliyoitaka alikufokea, na kabla hujamaliza kununa alikuwa ameshakuuliza kama umekula. Karakana yake ilikuwa banda la bati pale Majengo, Moshi. Magari yaliyochoka mikononi mwa walowezi na kuuzwa kwa wakulima wa kahawa, mengi yaliishia pale. Mimi ni Mwantum, binti yake wa pekee, na nasema bila aibu kwamba sijaona fundi wa kumfikia. Marehemu mama yangu, Mwanaasha, alikuwa akisema ninamsifu hivyo kwa sababu si mimi niliyefua kanzu zake.

Baba hakufungua boneti kabla ya kuuliza. Linachemka likiwa limesimama, au likitembea? Mlimani au tambarare? Lini lilikuwa zima mara ya mwisho? Wenye haraka walichukia maswali hayo, naye aliwachukia wenye haraka, kwa hiyo walikuwa sawa. Akishamaliza maswali aliweka kiganja juu ya rejeta, akakishusha polepole hadi chini, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Mwaka wa hamsini na mbili, mwezi wa tisa, Bwana Aristides wa Mkuu, Rombo, alileta gari lake jeusi kwa mara ya pili ndani ya wiki tatu. Alikuwa mkulima wa kahawa, mpole, mwenye tabia ya kuvua kofia hata akizungumza na fundi aliyelala chini ya gari.

"Fundi, limechemka tena," alisema. "Palepale Mwika, kwenye mpando. Nimerudi nalo polepole, kwa kuteremka na tambarare tu."

Baba alitoka chini ya gari alilokuwa akilitengeneza akiwa ameshakasirika. Rejeta ile alikuwa ameisafisha mwenyewe mara ya kwanza.

"Siku ile nilipokukabidhi, ulifika Mkuu?"

"Nilifika vizuri. Hata maji halikudai."

"Kwa hiyo likitoka kwangu linafika. Likitoka kwako halifiki."

Aristides aliangalia viatu vyake. Kisha akasema jambo lililomleta hasa. Mama yake, Mektrida, alikuwa amevunjika nyonga na kulazwa hospitali ya mjini kwa miezi miwili. Jumamosi ile angeruhusiwa. Basi la abiria asingeliweza, na lori la kahawa ndiyo kabisa, kila shimo la barabara lingekuwa la kwake. Hilo gari ndilo lililobaki, na bibi alikuwa amesikia habari zake. Alikuwa amesema hapandi kitu cha kumwacha afie Mwika kando ya barabara, mbele ya watu asiowajua. Wala hatakaa mjini, kwa sababu amechoka kuota kihamba chake, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba yake.

"Anasema akifa huku tutamzika mbali na migomba yake," Aristides alisema. "Fundi, mimi ni mwanawe wa pekee."

Baba aliliendea gari. Akafungua boneti.

Nilikuwa nimeleta chakula, nikakaa kutazama. Mkanda wa feni ulikuwa umekazwa vizuri. Mipira ya maji haikuwa imepasuka wala kulegea. Pampu haikuvuja. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakisogeza puani, akaangalia rangi: oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikuwa na weupe wa maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia ndani ya injini. Ndipo akaliwasha, akaliacha lipate moto, akaweka kiganja. Juu ya rejeta aliondoa mkono upesi. Katikati aliuacha. Chini alikuwa ameulaza kabisa, na uso wake ukabadilika.

"Huku ni baridi kama mtungi. Maji hayapiti."

Lilipopoa aliing'oa rejeta, akaigeuza juu chini na kuipitisha maji ya bomba kwa kinyume. Likatoka tope jekundu, zito kama uji, na ndani yake maganda ya kahawa. Palepale baba akalipuka.

"Bwana Aristides! Unalilisha gari au unalinywesha?"

"Ni maji tu, fundi, haki ya Mungu. Ya mfongo wetu, mfereji wa ukoo. Babu yangu ndiye aliyeongoza kuuchimba kutoka msituni. Sisi wenyewe tunayanywa. Mwaka mzima nalijaza hayo hayo." Kwa mara ya kwanza mtu yule mpole alikuwa ameudhika. "Maji yetu hayana tope."

Baba aliacha kufoka. Mfereji wa ukoo si jambo la kulitukana mbele ya mwenyewe, hata mtu wa mjini alilijua hilo. Na Aristides hakuwa mwongo, maji aliyokuwa akiyanywa yalikuwa safi. Lakini tope nalo halikuwa uongo, lilikuwepo, tena sufuria nzima.

Aristides alimwomba amwendee mama yake akamhakikishie kwamba gari limepona. Alhamisi tulikwenda hospitali, mimi nimebeba uji aliopika mama yangu. Bibi Mektrida alikuwa mdogo, mkavu, mwenye macho ya kukagua. Baba alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi? Litafika?"

Fundi mwingine angesema ndiyo. Baba yangu akasema, "Sijui, mama. Nimelisafisha, lakini sijui uchafu unatoka wapi, na nisichokijua sikiahidi." Nilitamani ardhi inimeze. Halafu akaanza kumsimulia yote, mpando, kiganja, tope, maganda, kama vile anazungumza na fundi mwenzake.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja.

"Gari analijaza saa ngapi?"

"Sikumuuliza," baba alisema. Aliyeuliza watu wote maswali, hilo hakuwa amelifikiria.

"Basi nitakwambia. Jioni, akishafika nyumbani. Anapenda majirani wamwone akichota." Akacheka hadi akashika nyonga kwa maumivu. "Mae! Maji ya kunywa tunachota alfajiri, kabla mtu hajatia mguu mfongoni. Hata mtoto wa Mkuu anajua. Jioni watu wanaokaa juu mfongoni wameshamenya kahawa na kuiosha, wa katikati wamefungulia migomba maji, udongo wote uko mle. Mwezi wa tatu hakuna neno, kahawa haijaiva. Lakini mwezi wa tisa! Mimi mwanangu hawezi kunipa maji ya jioni. Gari kalinywesha hayo, kwa sababu gari halisemi."

Baba alicheka naye. Sijawahi kumwona akifurahia kukosea namna ile. Alimwambia, "Sasa naahidi, mama. Litafika." Naye bibi akasema kama ni hivyo anapanda, ila fundi naye apande.

Jumamosi tukaondoka, Aristides kwenye usukani, baba pembeni yake, mimi nyuma nimemwegemeza bibi na mito mitatu. Njia ya tambarare hadi Himo haikuwa na shida. Kutoka pale tulianza kupanda. Aristides alikuwa akitokwa na jasho kuliko injini. Kabla ya Mwika baba alimwambia Aristides asimame, akashuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu, katikati, chini. Bibi alikuwa amenishika mkono hadi vidole vikafa ganzi.

"Joto ni lile lile juu mpaka chini," baba alisema. "Twende."

Tulipita Mwika. Bibi alifumbua macho tulipofika Mamsera, akaanza kutaja vihamba kwa majina ya wenyewe, kimoja baada ya kingine, mpaka Mkuu.

Gari halikuweza kuingia kwenye kijia cha migomba. Baba na Aristides waliunganisha mikono, wakamkalisha juu yake na kumbeba hadi mlangoni, wanawake wakipiga vigelegele. Walipomweka kwenye kiti alimshika baba mkono, ambao haukuwa umetoka weusi wa oili.

"Mama yako yuko wapi, fundi?"

Baba akasema, "Alikuwa Handeni, mama. Alitaka kuja kukaa kwangu. Nikamwambia asubiri, kuna gari moja bovu nalitengeneza, nitamfuata nalo. Kila siku likaja la mteja. Sikulimaliza mpaka akafa."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwahi kusikia habari hiyo. Bibi Mektrida hakumwachia mkono.

"Leo umemfikisha," alisema.

Baba yangu aliyefokea mji mzima alikaa chini pale mlangoni, miguuni pa mama wa mtu mwingine, akalia.