Kuzunguka Pamoja Juu ya Kakesio

Siku yangu ya kwanza kazini sikupanda ndege. Mkufunzi Mkuu alinikalisha kwenye nyasi za kiwanja chetu, hapa Karatu, akaniambia niwatazame tai wanavyozunguka. Ndege zetu hazikuwa na injini. Zilivutwa juu kwa kamba na ndege nyingine yenye injini, kamba ikaachiwa, na kuanzia hapo rubani alitafuta mkondo, yaani hewa iliyopashwa moto na ardhi, inayopanda. Ukiupata, unazunguka ndani yake nao unakuinua.

"Mkondo hauna mwenyewe," alisema, "ila una aliyetangulia. Akizunguka kushoto, nawe zunguka kushoto. Usipomwona mwenzako, toka."

Nilirusha watalii na watafiti chini ya wakufunzi wakuu watatu. Mchana mmoja wa kiangazi nilikuwa peke yangu ndani ya ndege, juu ya kijiji cha Kakesio, nimepungukiwa na kimo, na mlima Oldeani uko kati yangu na nyumbani. Rubani mwenzangu Boay, kwenye ndege yake, alikuwa anazunguka kushoto ndani ya mkondo, chini yangu kidogo. Niliingia kwa nje, nikazunguka kushoto.

Mzunguko wa tatu sikumwona.

"Boay, uko wapi?" niliita redioni. Kimya.

Mkondo ulikuwa unanipandisha vizuri. Nikitoka, mlima sitauvuka. Nilitoka.

Nilitua katikati ya ng'ombe. Mzee mmoja mfugaji akasogea.

"Dada, injini imezimika?"

"Haina injini, baba."

"Sasa huko juu ulifikaje?"

Boay alikuja jioni na trela la kubebea ndege. Hakusalimia.

"Redio yangu ilikufa," alisema. "Nilikuwa napanda haraka kuliko wewe, sikutazama juu. Nilipoinua macho, tairi lako liko juu ya kichwa changu. Ndipo ukaondoka."

Kesho yake alimweleza Mkufunzi Mkuu hivyohivyo, bila kuulizwa. Alizuiwa kuruka kwa wiki mbili.

Vijana wa leo wana kifaa kinacholia ndege nyingine ikikaribia. Ni kizuri, kitumieni. Lakini hakiwezi kuwatoa kwenye mkondo mnaouhitaji. Hilo mtaliamua wenyewe, tena upesi.

Sote wawili tumestaafu. Boay analima vitunguu Mang'ola. Siku ile hatujaizungumzia tena. Kila akivuna huniletea gunia, hukaa tukanywa chai, kisha huwahi gari la kurudi.