Toazi Tuliloliita Kawa

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu, na sote watatu ni mashoga. Neno lenyewe ni hilo. Nimetafuta jingine lililo laini zaidi nimelikosa, na pengine si kazi yangu kulilainisha. Tulipiga panki, ule muziki wa magitaa ya kelele, hapa London tulipokuwa vijana, kwa Kiswahili, mbele ya Waingereza ambao hawakujua tunasema nini. Walirukaruka tu. Halafu kila mtu akashika maisha yake, miaka thelathini na kitu ikapita.

Mwaka huu mwimbaji alinipigia simu. Yeye ni Muhindi wa Mombasa, anakaa Harrow, anauza vitambaa katika duka aliloachiwa na baba yake. Akasema kuna vijana wameipata kanda yetu ya zamani wakaitia mtandaoni, na sasa wanataka albamu mpya.

"Bado una mikono?" akaniuliza.

"Ninayo. Goti ndilo limekufa."

"La kulia au la kushoto?"

"La kushoto."

"Ah, ngoma inakanyagwa kwa la kulia, hilo si la kazi. Njoo."

Nikaenda. Wa tatu wetu, mpiga gitaa, ni Mpemba. Aliwahi kuoa, wakaachana kwa wema, na sasa ni babu. Alikuja na gitaa lake limeviringishwa kwenye blanketi, akatuamkia kama watu tulioonana jana, kisha akageukia ukutani akalia. Sisi tukajishughulisha na nyaya.

Sasa nieleze habari ya toazi, maana mtu asiyeijua hataelewa yaliyofuata. Mimi ndiye mpiga ngoma. Wimbo wetu uliopendwa kuliko wote una mstari huu: "Mpenzi wangu ni mwanamume, na chai yake namtilia sukari." Waingereza hawakuwa tatizo. Tatizo ni kwamba popote tulipopiga hakukosekana mtu mmoja wa kwetu: mpishi, mlinzi wa mlangoni, mwanafunzi aliyepotea njia. Basi mwimbaji akifika kwenye "mwanamume," mimi nalipiga toazi kubwa, lile sahani la shaba kando ya ngoma, kwa nguvu zangu zote. Neno linazama, naye anaibukia kwenye chai. Toazi hilo tuliliita kawa, kwa kuwa lilikuwa duara na limebinuka kama lile kawa la ukili la kufunikia chakula. Nyimbo zetu zote zilikuwa na mahali pa kawa. Waingereza waliona ni mtindo. Kuna bendi ya vijana wao iliyotuiga, wakawa wanalipua toazi palepale na wao hawana hata kimoja cha kuficha.

Studio tuliyokodishiwa iko chini ya reli. Treni ikipita, tunasimama tunangoja. Tulikubaliana kurekodi kama zamani: chumba kimoja, sote kwa pamoja, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake. Mwimbaji hawezi kuimba peke yake ndani ya kijumba cha kioo, anasema anajiona kama samaki wa kufugwa. Ubaya wa kurekodi hivyo ni kwamba kila sauti inaingia katika kila maiki. Toazi likishafunika neno, limefunika. Hakuna fundi awezaye kulitoa baadaye.

Fundi wetu alikuwa binti wa Kiingereza, mpole, anayekula karoti mbichi mchana kutwa. Tulipomaliza wimbo ule mara ya kwanza aliniuliza kwa adabu mbona nikifika mahali fulani napiga toazi lile, maana nafunika sauti ya mwenzangu. Hajui Kiswahili hata neno moja. Alikuwa akisikiliza sauti tu.

Mwimbaji akaweka kikombe chake chini. "Mwambie," akaniambia. "Au basi, usimwambie. Safari hii hakuna kawa."

"Wewe wasema hivyo," mpiga gitaa akasema, "wazee wako washatangulia mbele ya haki. Mimi kila Ijumaa mwanangu ananipitia na gari twende msikitini. Wajukuu zangu wana simu nyingi kuliko viatu."

"Kwa hiyo tufunike?"

"Sijasema tufunike. Nasema ujue unachokiomba."

Naandika hapa kwamba alikuwa na haki, na mwimbaji pia alikuwa na haki. Aliendelea kusema kwamba amefika umri wa kuitwa mzee bila ya kuwahi kulisikia lile neno likitoka kinywani mwake mpaka mwisho, na kwamba huko ni kuimba nusu. Mpiga gitaa akakaza nyuzi. Mwishowe akasema atapiga, ila picha yake isitiwe kwenye jalada. Tukampa mkono juu ya hilo, na hakuna aliyemcheka.

Basi tukaanza tena. Nilikuwa nimekubali kwa moyo mmoja, naapa. Neno likakaribia, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Paaa! Tukaanza tena, mkono ukafanya vilevile. Mwimbaji akaja akasimama mbele ya ngoma.

"Bwana wee, mkono wako unamwogopa nani?"

"Dada yangu," nikasema. Sikuwa nimelijua hilo mpaka nilipolisema.

Dada yangu ndiye aliyenileta nchi hii na kunilea. Mwaka wa kwanza alinivika soksi zake juu ya zangu kwa ile baridi. Anakaa Thornton Heath, mitaa miwili kutoka kwangu, na kila Jumapili saa saba mchana nakula kwake, pamoja na yeyote atakayekuwepo: majirani, wanawake wenzake wa Unguja, mtu aliyefika juzi hana pa kwenda. Hajawahi kuniuliza kwa nini sina mke. Mimi nilidhani anajua. Huenda sikudhani, nilitamani tu. Basi nikaamua aambiwe na mimi, asije kuambiwa na simu ya mtu.

Nilikwenda siku ya kazi, nikamkuta jikoni anachagua mchele kwenye sinia. Ukutani amening'iniza kawa lililotoka nyumbani, la rangi nyekundu na zambarau zilizochujuka.

"Dada, tunatoa albamu."

"Zile kelele?"

"Zile kelele."

"Haya, Mungu awape nafuu."

"Zina maneno ndani yake."

"Kelele zina maneno?"

Nikamwambia mstari wote, na chai na sukari. Vidole vyake havikusimama. Alitoa punje nyeusi, akaitupa, akatoa nyingine.

"Ni wimbo tu," akasema, "au ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaendelea na mchele. Kisha akauliza, "Na zamani watu hawakuyasikia?"

"Nilikuwa nayafunika kwa toazi."

"Basi funika. Kimekushinda nini leo? Umefunika ujana wako wote, watu wamekula, wamelala salama. Binti yangu anaposwa, mwanangu. Wakwe ni watu wa kusikiliza maneno ya watu. Mimi naishi na watu, siishi na redio."

"Na nisipofunika?"

Aliusukuma ule mchele upande mmoja wa sinia. "Basi Jumapili usije saa saba. Njoo jioni, wageni wakishaondoka. Chakula chako utakikuta."

Nataka niwe mwadilifu kwake hapa. Hakupiga kelele. Hakunitukana wala hakunitajia moto. Aliniita mwanangu kama siku zote, na chakula hakuninyima. Aliyoyasema kuhusu wakwe ni kweli tupu, nawajua, ni watu wa kusikiliza. Hata hivyo nilipokuwa narudi kwangu, nikipita kwa muuza mihogo na kwa kinyozi, nilijiona nimekaa kwenye ile meza jioni, viti vitupu, nakula kilichobaki huku mlango umefungwa. Nikasimama hapo barabarani. Nikasema, hapana. Nilisema kwa sauti, mpaka kinyozi akachungulia.

Siku ya pili yake nilifika studio kabla ya wenzangu. Sikuuamini mkono wangu, kwa hiyo sikuuachia kazi. Nikafungua skrubu ya toazi, nikalitoa kwenye mguu wake, nikalipeleka nje kwenye ujia, nikaliegemeza ukutani karibu na birika la umeme. Mpiga gitaa alipoingia alilitazama, akanitazama mimi, akatia maji kwenye birika.

Tukapiga. Neno likakaribia, mkono ukanyanyuka kama kawaida yake, ukashuka kwenye hewa tupu. Na mwimbaji akasema "mwanamume" chumba kizima kikasikia. Sauti yake imezeeka, ina mikwaruzo, na palepale ilitetemeka, nikadhani ataacha. Hakuacha. Alitumbukia kwenye chai na sukari akiwa anacheka, na mpiga gitaa akakosea sauti moja, na binti wa Kiingereza nyuma ya kioo akasahau kutafuna karoti yake. Tukarudia mara kadhaa kwa ajili ya ile sauti iliyokosewa. Mwisho tukachukua ileile ya kwanza, na kosa lake.

Ilipofika jioni nilimpigia dada.

"Sikufunika," nikamwambia. "Siku watakayokuja wakwe kuposa ni ya binti yako. Si yangu wala si yako. Nitamuuliza mwenyewe, akitaka nisiwepo sitakuwepo, wala sitamlaumu. Lakini Jumapili nitakuja saa saba."

"Mh," akasema, akakata simu.

Nilimuuliza binti yake. Alinijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu wote waliozaliwa hapa, kwamba mchumba wake ameshausikia ule wimbo wa zamani mtandaoni na anataka kujua kwa nini toazi liko juu sana. Alisema nije, nivae suti. Mama yake, akasema, hawezi kumsemea.

Jumapili nilivaa shati nililopiga pasi mara mbili. Kutoka nje ya mlango nilisikia sauti za wanawake wa Unguja na vijiko. Nilisimama pale, na sitasema sikuogopa. Nikaliegemea goti la kulia, maana la kushoto si la kazi. Nikabonyeza kengele.

Dada alifungua mwenyewe. Alinitazama usoni, akatazama shati, akageuka kidogo kuelekea kule wageni walikokuwa, kisha akanirudia. Mlango alikuwa ameushika kwa mkono mmoja, hakuufungua zaidi wala hakuurudisha. Nilingoja. Niliapa moyoni sitaondoka, na wala sitamsukuma.

"Saa saba ni saa saba," akasema. "Umechelewa."

Akasogea, kiasi cha mtu mmoja kupita, nami nikavua viatu, nikapita.