Jibu Kesho

Nje ya kibanda cha ushonaji cha Sadallah, pale Bagamoyo, palining'inia ubao mweusi. Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, aliandika hapo swali. Ziwa gani lina kina kirefu kuliko yote Afrika? Majibu aliyaokota redioni na kwenye magazeti ya kufungia sukari, na chini ya swali aliandika kwa herufi kubwa: JIBU KESHO. Watu walisimama, wakabishana, wakaenda zao, na suruali zao zikabaki hazina pindo.

Mkewe, Tabia, alikuwa amechoka naye hoi. Ukimwomba mume huyo kitoweo, anakuuliza samaki hupumulia nini. Ukimwambia paa linavuja, anakuuliza nchi gani hupata mvua nyingi kuliko zote.

"Baba Mize, mimi mkeo, si mwanafunzi wako!"

Yote hayo aliyavumilia, mpaka ilipokuja posa ya binti yao Mize.

Mshenga alikuwa Mzee Kibwana wa Mkange, mtu wa heshima zake, aliyekuja na wazee wenzake na posa imefungwa kwenye leso. Tabia alijibanza nyuma ya pazia, roho juu. Kijana mwenyewe alikuwa mwema, na Mize alimtaka. Mzee Kibwana alikunywa kahawa, akakohoa kidogo, akaanza, "Sisi tumekuja..."

"Kabla hujasema, mzee wangu," alidakia Sadallah, "mji mkuu wa Volta ya Juu unaitwaje?"

Mzee Kibwana aliwatazama wenzake. Wenzake wakatazama mkeka.

"Sijui," alisema.

"Haidhuru. Jibu kesho!" Sadallah akacheka, peke yake.

Mzee Kibwana aliirudisha leso mfukoni, akavaa viatu vyake. "Tulikuja kuomba mke," alisema akiwa mlangoni. "Hatukuja kufanya mtihani."

Mize alilia mpaka sauti ikamkauka. Tabia hakulia. Asubuhi, mumewe hajarudi kutoka msikitini, alichukua chaki, na kwa herufi zile alizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima akaandika: BABA GANI AMEFUKUZA POSA YA BINTIYE? JIBU KESHO.

Siku hiyo hakuna aliyehitaji kungoja kesho. Wapita njia walisoma, wakachungulia kibandani, wakamtazama Sadallah. Hata Fakhruddin wa duka la vitambaa, ambaye hakuwahi kupatia swali hata moja, hili alilipatia. Sadallah alishona mkono wa shati mahali pa kola, akaufumua, akaushona palepale tena. Mwishowe alivaa kanzu, akapanda lori la kwenda Mkange kuomba radhi.

Aliporudi, mke na binti walikuwa wamesimama mlangoni.

"Umemwomba radhi?" aliuliza Tabia.

"Nimemwomba. Nimepiga na magoti."

"Sasa watarudi? Amesemaje?"

Sadallah alivua kofia, akautazama ubao wake, akainamisha uso.

"Amesema jibu kesho."